Samaki aliyerudishwa majini: je, ataishi?

Katika vijiji vya kando ya maziwa yetu, kuanzia Baraka na Uvira hadi Goma, Vitshumbi na Kasenyi, wavuvi huambiwa neno moja mara kwa mara: samaki mdogo arudishwe majini ili akue. Neno hilo ni zuri. Walinzi wa ziwa wanalisema, kamati za wavuvi wanalisema, na sisi pia makanisani tunalirudia tunapofundisha juu ya kutunza viumbe vya Mungu. Lakini kuna swali ambalo haliulizwi sana. Samaki yule aliyetolewa kwenye ndoano au kwenye wavu, akatupwa tena majini, je, kweli anaishi?

Swali hili si la mchezo. Mvuvi anayerudisha samaki amejinyima kitu. Pengine nyumbani sufuria haina mboga na watoto wanasubiri. Kama samaki huyo atakufa kesho yake chini ya maji, basi mvuvi ametoa sadaka isiyomfikia mtu: watoto wake hawakula, na ziwa halikuongezeka. Kwa hiyo tumeona vema kueleza kwa maneno mepesi yale ambayo watafiti wamegundua juu ya jambo hili, na namna yanavyoweza kutusaidia sisi tunaoishi kwa samaki.

Wanaovua na kurudisha

Watu waliolichunguza swali hili kwa muda mrefu hawakuwa wavuvi kama wetu. Katika nchi za Marekani, Kanada na Ulaya, mamilioni ya watu huvua kwa fimbo na ndoano kwa kujifurahisha. Wanampata samaki, wanampima, wanapiga picha, kisha wanamwachilia. Hata karibu nasi, kule Murchison Falls nchini Uganda, wageni wanakuja kuvua kapitene wakubwa wa Mto Nile na kuwarudisha mtoni. Kwa masikio yetu ni jambo la ajabu: mtu asafiri, ashinde juani siku nzima, ampate samaki wa kilo nyingi, halafu amwache aende. Lakini kwa sababu wanafanya hivyo mara nyingi sana, wataalamu wao walilazimika kuuliza: hao wanaoachiliwa, ni wangapi wanabaki hai?

Jibu si moja. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani walikusanya matokeo 274 kutoka katika uchunguzi wa aina nyingi za samaki. Walikuta kwamba, kwa wastani, samaki 18 katika kila 100 walioachiliwa walikufa. Lakini wastani huo unaficha mengi. Katika nusu ya matokeo, waliokufa walikuwa 11 au chini yake katika kila 100. Mahali pengine hakufa hata mmoja, na mahali pengine walikufa karibu wote. Tofauti hiyo haikutokana na bahati. Ilitokana zaidi ya yote na mahali ndoano ilipoingia, kisha na joto la maji, na kina, na namna mtu alivyomshika samaki.

Mtu anaweza kusema, "Kama tisini wanaishi, tatizo liko wapi?" Pwani ya mashariki ya Marekani inatupa jibu. Huko kuna samaki wa baharini anayeitwa besi mwenye mistari, ambaye watu wanampenda sana. Tume inayosimamia uvuvi wa majimbo ya Atlantiki inahesabu kwamba katika kila besi 100 wanaoachiliwa, 9 wanakufa. Ni wachache. Lakini mwaka 2017 wavuvi wa kujifurahisha waliwaachilia besi wapatao milioni 38. Piga hesabu: asilimia 9 ya hao ni zaidi ya milioni 3. Vifo hivyo vilikuwa karibu nusu ya besi wote waliouawa na uvuvi mwaka ule. Na kila mmoja aliyekuwa akiwarudisha aliona samaki wake akiogelea na kwenda, akarudi nyumbani akiwa na moyo mweupe.

Hapo ndipo penye fundisho la kwanza. Samaki anayeogelea na kutoweka machoni petu bado hajapona. Wengi wanaokufa hufa baadaye, ndani ya siku moja au mbili, mahali ambapo hakuna anayewaona.

Ni nini kinachomuua?

Kitu cha kwanza ni jeraha lenyewe. Ndoano ikishika mdomoni, kwenye mfupa wa taya au kwenye ngozi ya pembeni, kidonda huwa kidogo na samaki wengi hupona. Lakini samaki akiimeza ndoano pamoja na chambo, inashika kooni, tumboni, au kwenye mashavu yake ya kupumulia. Mashavu hayo yana damu nyingi na ngozi nyembamba sana. Yakichanika, damu inatoka upesi, na samaki ana damu kidogo kuliko mnyama wa nchi kavu wa ukubwa ule ule. Ndiyo sababu watafiti wanasema mahali ndoano iliposhika ndipo panapoamua zaidi ya kitu kingine chochote kama samaki ataishi.

Kitu cha pili ni uchovu. Samaki anayevutwa na uzi hupigana kwa nguvu zake zote. Misuli yake inafanya kazi kupita oksijeni anayoipata, na asidi inajaa katika misuli na katika damu. Sisi tunajua hali hiyo kwa miguu yetu tunapokimbia mlima: miguu inawaka moto, pumzi inakatika. Mtu akifika juu, anakaa na kuvuta hewa. Samaki aliyechoka hivyo anahitaji naye kuvuta pumzi, lakini ni wakati huo huo ndipo tunamtoa nje ya maji.

Na hiki ni kitu cha tatu, kinachosahauliwa na wengi: hewa. Mashavu ya samaki yamejengwa kwa vijinyuzi vingi laini ambavyo maji huvishikilia vikae wazi. Nje ya maji vinaanguka na kugandamana, kama nywele ndefu zinavyogandamana mtu anapotoka kuoga mtoni. Hapo samaki hawezi tena kupumua vizuri, ingawa kinywa chake kinafunguka na kufunga. Mwaka 1992, katika Chuo Kikuu cha Queen's huko Kingston, Kanada, watafiti waliwachosha samaki wa aina ya trauti kwa kuwafukuza ndani ya maji, kisha wakawagawa. Wale waliochoshwa tu bila kutolewa nje, 12 katika 100 walikufa ndani ya nusu siku. Waliokaa hewani sekunde 30, walikufa 38 katika 100. Waliokaa hewani dakika moja nzima, walikufa 72 katika 100. Samaki hao walikuwa wamepasuliwa kidogo ili wapimwe damu, kwa hiyo hatuwezi kusema kila samaki ziwani atakufa kwa hesabu hiyo, na uchunguzi mwingine ulikuta vifo vichache zaidi. Lakini mwelekeo ni ule ule: kila sekunde ya hewani ina gharama yake, na anayelipa ni samaki aliyekwisha kuchoka.

Kitu cha nne ni joto. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi, na samaki katika maji ya moto anahitaji oksijeni nyingi zaidi. Kwa hiyo samaki aliyevuliwa saa sita za mchana karibu na ufuko, akawekwa juu ya mbao kavu za mtumbwi zilizochomwa na jua, ana tumaini dogo kuliko yule aliyevuliwa alfajiri.

Kitu cha tano ni ule utelezi juu ya ngozi yake. Wengi wanaufikiri kuwa uchafu. Kumbe ni vazi lake la kumlinda. Ute huo unazuia vijidudu na ukungu wa majini kuingia mwilini. Mikono mikavu, gunia, mchanga au sakafu ya mtumbwi vinaufuta, na magamba yanatoka nao. Samaki huyo ataogelea leo, lakini baada ya siku chache sehemu iliyokwanguliwa inaota ukungu mweupe kama pamba, na ugonjwa unammaliza polepole.

Kitu cha sita ni kina cha maji, na kwetu sisi wa maziwa marefu hili lina uzito. Samaki wengi wana mfuko wa hewa tumboni unaowasaidia kukaa mahali bila kuzama wala kuelea. Maji ya chini yanaukandamiza mfuko huo. Samaki akivutwa haraka kutoka mita 10 hadi juu, hewa iliyo ndani inavimba na kuwa karibu mara mbili. Akitoka mita 30, karibu mara nne. Samaki wa jamii ya tilapia na wa jamii ya kapitene na sangala hawana njia ya kuitoa hewa hiyo upesi kwa mdomo. Tumbo linajaa, macho yanatoka nje, na pengine matumbo yanasukumwa hadi mdomoni. Ukimtupa majini, anabaki anaelea ubavu juu akijaribu kushuka bila kuweza, na ndege wanakuja kumdonoa. Watu husema, "Huyo amekataa kwenda." Hakukataa. Hewa iliyomo tumboni ndiyo inayomshikilia juu.

Samaki wetu hawafanani

Tusidhani kwamba samaki wote wana nguvu moja. Kambale ni mwenye ujasiri. Ana kiungo karibu na mashavu yake kinachomwezesha kuvuta hewa ya nje, na akiwa na unyevu anaweza kuishi nchi kavu kwa masaa. Kambale mdogo akirudishwa upesi, bila kuvunjwa wala kukatwa, ana tumaini kubwa.

Sambaza na ndagala ni kinyume kabisa. Magamba yao yanatoka kwa kuguswa tu, na wakishakandamizwa ndani ya wavu wanakufa upesi. Kumrudisha sambaza aliyekwisha kumwagwa mtumbwini ni kujidanganya. Hata hivyo tukumbuke kwamba sambaza wote wa ziwa Kivu wametokana na samaki walioletwa kutoka Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960. Walioletwa hawakuwa wakubwa, walikuwa vifaranga. Aina mbili zilitiwa ziwani, na moja tu ndiyo iliyoshika na kuzaa. Chakula cha miji mizima kando ya Kivu kimetoka katika vifaranga hao waliofika majini wakiwa hai. Anayedharau vifaranga vya samaki na akumbuke jambo hilo.

Tilapia yuko katikati. Si dhaifu kama sambaza, wala si mgumu kama kambale. Akishikwa vizuri, kutoka maji ya kina kifupi, anapona. Lakini yeye ana jambo lingine ambalo linahitaji kuelezwa peke yake.

Mama mwenye watoto kinywani

Tilapia wa Mto Nile, yule anayejulikana sana katika ziwa Edward, ana namna ya pekee ya kulea. Dume anachimba shimo kama sahani kwenye mchanga wa maji mafupi. Jike anataga mayai hapo, kisha anayaokota yote na kuyaweka kinywani mwake. Anakaa nayo karibu juma moja au mawili, akiyageuza-geuza ili yapate maji safi, na muda huo chakula chake ni kidogo sana. Mayai yakianguliwa, watoto bado hukimbilia kinywani mwa mama wanapoona hatari. Mama mmoja anaweza kubeba mamia ya watoto, na mkubwa anaweza kupita elfu.

Sasa mama huyu akinaswa, kitu cha kwanza anachofanya kwa hofu ni kutema. Mayai na watoto wanamwagika ndani ya wavu, ndani ya mtumbwi, au majini mahali penye samaki wengine wenye njaa. Tukimrudisha mama peke yake, tumerudisha mmoja na kupoteza mamia. Hapa tunaona kwamba hesabu ya samaki mmoja mmoja haitoshi.

Jambo linalofanana na hili limechunguzwa Kanada, katika maziwa ya Ontario. Huko kuna besi wa maji matamu, si yule wa baharini tuliyemtaja, na kwake baba ndiye mlinzi. Anakaa juu ya kiota usiku na mchana na kuwafukuza wezi. Watafiti waliona kwamba baba akivuliwa, hata kama atarudishwa baada ya dakika chache, samaki wengine wanakuwa wameshaingia kiotani na kula mayai. Na baba aliyerudi akikuta wachache wamebaki, au akiwa amechoka mno, mara nyingi anakiacha kiota kabisa. Baba alipona, lakini kizazi chake kilikufa. Ndiyo maana katika sehemu za nchi hiyo uvuvi wa besi unafungwa wakati wa kuzaa.

Wasomaji wa Biblia wanaijua sheria ya kiota cha ndege katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, inayokataza kumchukua mama pamoja na makinda yake. Tilapia anabeba kiota chake kinywani. Anayeijua sheria ile hatapata shida kuelewa kwa nini mahali pa maji mafupi, penye majani na mashimo ya tilapia, panapaswa kuachwa pumzikeni.

Namna ya kumrudisha ili aishi

Haya yafuatayo hayahitaji pesa nyingi. Vijana wanaovua kwa ndoano kando ya ziwa, na watoto wetu pia, wanaweza kuyashika.

Kwanza, amua mapema. Kabla ya kutupa ndoano ujue ni samaki gani utakayemchukua na ni yupi utakayemwacha. Anayeanza kujadiliana na mwenzake samaki akiwa mkononi anamuua kwa maneno.

Pili, tazama ndoano yako. Ndoano nyingi zina kijino cha nyuma kinachozuia isitoke. Kibonyeze kwa koleo, na ndoano itatoka kwa urahisi bila kuchana. Kuna pia ndoano za mviringo, ambazo ncha yake imeelekea ndani. Hizo hazishiki kooni kwa urahisi. Samaki anapoondoka nazo zinateleza na kushika pembeni ya mdomo. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba zinapunguza vifo, na tangu mwaka 2021 wavuvi wa besi wa Atlantiki wanaotumia chambo wanalazimishwa kuzitumia.

Tatu, mvute upesi. Usimchezee samaki hadi aishiwe nguvu.

Nne, mfungue akiwa ndani ya maji, kando ya mtumbwi. Kama ni lazima kumwinua, lowesha mikono kwanza, mshike kwa upole chini ya tumbo, wala usitie vidole katika mashavu yake. Wengine wanashauri hivi: vuta pumzi yako na kuizuia wakati unamtoa samaki majini. Wewe ukihitaji kupumua, yeye alihitaji kabla yako.

Tano, kama ameimeza ndoano, usiing'oe. Kata uzi karibu na mdomo na umwache nayo. Inaonekana kama ukatili, lakini majaribio ya samaki walioachiwa ndoano kooni yameonyesha kwamba wengi zaidi wanaishi kuliko wale waliong'olewa kwa nguvu. Siku zinavyopita ndoano inapata kutu, na wengine huitema.

Sita, usimtupe kama jiwe. Mshushe majini, mshikilie wima hadi mwenyewe aondoke. Ukitaka kujua hali yake, mgeuze tumbo juu ndani ya maji. Mwenye nguvu anajigeuza mara moja. Asiyeweza kujigeuza bado anahitaji muda, au hali yake ni mbaya sana.

Saba, aliyevimba kwa kutoka kilindini asaidiwe kushuka. Wavuvi wa mbali wanatumia kreti ya plastiki: wanaigeuza mdomo chini, wanaifunga mawe na kamba, wanamweka samaki chini yake na kuishusha. Samaki akifika kwenye kina, hewa ya tumbo inakandamizwa tena, naye anatoka mwenyewe kwa chini. Kreti kuukuu ya soda inaweza kufanya kazi hiyo.

Rehema inaanza kabla ya wavu

Ndugu wasomaji, tusiishie kwenye ndoano. Wavuvi wetu wengi wanavua kwa nyavu, na huko mambo ni magumu zaidi. Mtu anayevua kwa ndoano anashika samaki mmoja na anaweza kumhudumia. Anayevuta wavu wa matundu madogo hadi ufukoni, au supaneti iliyoshonwa pamoja, anatoa maelfu ya vifaranga kwa mara moja. Wamekandamizwa, wamekwanguliwa magamba, wamejaa mchanga, wamekaa hewani dakika nyingi wakati watu wanachagua wakubwa. Kuwafagia warudi majini baada ya hapo ni kama kuzika. Wataelea asubuhi.

Kwa hiyo tusiwafundishe watu nusu ya jambo. Tukimwambia mvuvi "rudisha wadogo" na kunyamaza juu ya wavu alioutupa, tumempa mzigo bila faida. Wadogo wanaoishi ni wale ambao hawakunaswa kabisa: waliopita katika matundu makubwa, waliokuwa mahali pa kuzalia ambapo hakuna aliyevua, waliopata miezi ya mapumziko. Ndiyo maana nchi nne zinazoshiriki ziwa Tanganyika zilikubaliana juu ya kulifunga ziwa kwa miezi mitatu, na mwaka 2024 Tanzania ilifunga upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi hiyo ni ya njaa kwa nyumba nyingi, wala hatusemi kwamba ni rahisi. Kanisa linalohubiri mapumziko ya ziwa linapaswa pia kuuliza mvuvi atakula nini wakati huo. Mashirika ya akiba ya akina mama, shamba la pamoja, bwawa la samaki la parokia: hayo nayo ni sehemu ya kulinda samaki.

Kuna pia wanaouliza kama ni haki kumnasa samaki kwa kujifurahisha tu halafu kumwachilia. Mwaka 2003 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba trauti ana neva za kuhisi maumivu usoni na mdomoni, na ubishi juu ya jambo hilo unaendelea hadi leo. Huko Ujerumani na Uswisi, sheria za kulinda wanyama haziruhusu mtu kuvua akiwa na nia ya kumrudisha kila samaki: ukivua, uvue kwa ajili ya kula. Wengine wanajibu kwamba kurudisha ndiko kulikookoa mito yao. Sisi hatuna haja ya kuamua ubishi wao. Lakini pande zote mbili zinakubaliana juu ya kitu kimoja, na kitu hicho tunaweza kukichukua: samaki aliyeko mkononi mwako si kitu cha kuchezea. Ukimchukua, muue upesi na umtumie wote bila kutupa. Ukimwacha, mwache kwa namna ambayo ataishi.

Na kama samaki mdogo amejeruhiwa vibaya, damu inamtoka mashavuni na hawezi kujigeuza? Mahali sheria inapoagiza arudishwe, arudishwe. Atakuwa chakula cha viumbe wengine wa ziwa, hatapotea bure. Lakini siku hiyo mvuvi ajiulize: alinaswaje? Kama ni ndoano kubwa iliyomezwa, abadilishe ndoano. Kama ni mahali pa kuzalia, ahame. Kama ni matundu ya wavu, wavu huo ndio wenye kosa, na kesho utafanya vile vile.

Tunawaomba wachungaji, walimu wa shule ya Jumapili na viongozi wa vikundi vya wavuvi katika makanisa ya kando ya maziwa wachukue mambo haya na kuyazungumza pamoja na wenye kazi yenyewe. Wazee wa uvuvi wanajua mengi ambayo hayajaandikwa: mahali tilapia wanapochimba, mwezi gani majike wanajaa mayai, upepo gani unaleta vifaranga ufukoni. Waulizwe. Elimu ya watafiti na elimu ya wazee zikikutana katika mtumbwi mmoja, samaki watakaorudishwa ziwani watakuwa samaki walio hai.